Kufua Kabla ya Saa Kumi na Mbili

Mjukuu wangu anafanya kazi ya ofisi hapa Jinja, na juzijuzi mabosi wao waliwaitia mwalimu wa kuwafundisha jinsi ya kupanga siku. Sasa amerudi nyumbani, ananifundisha mimi. Bibi, anasema, ukiamka ujue kazi kubwa ni ipi, uianze hiyo. Bibi, usishike mambo mawili kwa mpigo. Bibi, mtu anayewahi ndiye anayefika mbali. Nilimsikiliza huku namenya ndizi, nilipomaliza nikamwambia hayo yote nilifundishwa kabla mama yake hajazaliwa, na mwalimu wangu alikuwa anavaa bastola. Akacheka, akidhani namtania. Basi naandika asome mwenyewe, maana nikisimulia kwa mdomo hasira hunipanda na kisa hakifiki mwisho.

Mume wangu wa kwanza alikuwa dobi. Tulikuwa vijana, hatujapata mtoto, tukikaa chumba kimoja hapahapa Jinja, karibu na kambi ya jeshi. Yeye alifua, mimi nilipiga pasi. Mimi ni mtoto wa Nakaloke, kaskazini ya Mbale, nyumba ya Waislamu, na Kiswahili nilikikuta nyumbani kabla wanajeshi hawajakiharibia jina. Miaka ile jeshi limeshika nchi, ukisikia mtu anabisha hodi kwa Kiswahili, watu wa ndani walikuwa wanaangaliana. Kwetu ilikuwa lugha ya mama yangu ya kuniitia chakula. Lakini hata mimi nilijifunza kuiogopa.

Kapteni mmoja alipenda kazi yetu. Alikuwa na sare mbili, moja mwilini, moja kwetu, kila siku ya Mungu. Alitaka itiwe wanga wa muhogo mpaka suruali iweze kusimama peke yake, na mikunjo ikate kama wembe. Wengine walisubiri siku mbili tatu. Yeye alitaka nguo iliyoletwa asubuhi irudi jioni ileile.

Siku moja mvua ilituvamia kutoka ziwani, na sare ikafika kambini jua limeshazama. Kesho yake asubuhi kapteni alikuja mwenyewe chumbani kwetu, akanikuta napiga pasi, pasi ya mkaa, imejaa moto. Akaniomba niisogeze. Kaniomba kweli, kwa adabu. Akamshika mume wangu mkono, akaulaza juu ya meza yangu, akauwekea pasi na kuipitisha polepole kuanzia kwenye kiwiko mpaka kwenye kifundo, kama mtu anayenyoosha mkono wa shati. Askari wawili walimshikilia mabega. Harufu ile sijaisahau na sitaki mtu anieleze kwamba muda huponya. Wakati mume wangu anapiga kelele, kapteni alikuwa ananitazama mimi.

"Mama," aliniambia, "nguo ya afisa iko na saa yake."

Tangu siku hiyo mume wangu hakuweza kukunja vidole vizuri, na kupanga siku kukawa kazi yangu. Alikuwa mtu mpole, mtu wa kukaa na kuzungumza na wapita njia huku povu linakaukia mikononi. Mimi sikuwa hivyo hata kabla. Nikamwondolea soga, nikamwondolea chai ya saa nne, na yeye akakubali bila kunung'unika.

Kapteni alipohamishwa kwenda Mbale, alituhamisha na sisi. Hakuuliza. Lori lilikuja, tukapakiwa na mabeseni yetu na pasi, tukaketi juu ya magunia. Njiani mwendesha baiskeli mmoja alichelewa kupisha, askari wakasimamisha lori, wakashuka na kumpiga kwa matako ya bunduki mpaka akaacha kujikinga. Kisha wakapanda, lori likaondoka. Mume wangu alinifunika macho na ule mkono wake mbovu, na mimi niliutoa, maana nilitaka kuona ni watu gani ninaowafulia.

Nilifikiri kurudi karibu na kwetu kungekuwa na nafuu. Nafuu gani. Mbale ni mlangoni mwa Kenya, na kapteni alijua madobi wengi walishavuka na nguo za watu. Akatunga utaratibu wake. Kila asubuhi askari alileta sare chafu, akaniachia, akaondoka na mume wangu. Kila jioni, kabla ya saa kumi na mbili, mimi nilipeleka sare safi langoni mwa kambi, nikaitoa, nao wakanitolea mume. Aliniwekea mume rehani, ndiyo, kama vile mtu anavyoweka redio dukani. Usiku tulikuwa pamoja, na ungeweza kusema basi si mngetoroka usiku? Alishalifikiria hilo. Alikwenda Nakaloke na gari lake, akaingia kwa mama yangu, akaomba maji, akanywa, akamuuliza habari za miguu yake. Kisha akaja kuniambia nina mama mzuri na nyumba yao ni rahisi kuipata.

Sasa sikiliza jinsi nilivyojifunza saa za Mbale. Jinja jua ni la kutegemea. Ukianika saa nne, alasiri unaanua, hata mvua ikija inapita haraka. Mbale kuna mlima. Asubuhi mbingu ni safi, unaringa, unaanika, halafu baada ya adhuhuri wingu linateremka kutoka mlimani na hakuna tena jua mpaka kesho. Mimi nimezaliwa kule na nilijua hivyo, lakini nilikuwa sijawahi kufua kwa roho ya mtu. Siku ya tatu mvua ilinikuta suruali ingali inachuruzika. Niliikausha kwa pasi, nikakimbia nayo, nikafika adhana ya magharibi inalia. Kapteni alipitisha kidole ndani ya kola na kusema bado mbichi. Wakamtoa mume wangu. Alikuwa hana meno mawili ya mbele, na akajaribu kunitabasamia ili nisiogope, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

Usiku huo sikulia. Nilikaa nikaivunja siku yangu vipandevipande na kuipanga upya. Tangu nizaliwe niliona watu wanafua zote, wanaanika zote, wanapiga pasi zote. Nikaacha. Suruali ni nzito, ikawa inaingia majini kwanza, kabla hata askari hajafika kona ya barabara na mume wangu. Wakati inaloa nawasha mkaa. Wakati mkaa unashika nafua shati. Suruali nikiikamua naivingirisha ndani ya blanketi kavu, napanda juu yake na kuikanyaga, blanketi linakunywa maji yote. Maji ya kisima nimechota jioni ya jana. Wanga umepikwa jana. Kupika kwangu mwenyewe nikakufuta, nikala kiporo nikiwa nimesimama. Jirani akija kuniamkia namjibu nikiwa nimempa mgongo, akaenda kunitangaza kwamba mke wa dobi ana kiburi tangu apate wateja wa kambini. Nilimwacha aseme.

Na nikawa hodari. Sioni haya kusema hivyo. Sikuchelewa tena hata siku moja, mvua inyeshe isinyeshe, na mume wangu alikuwa anatoka lango lile kwa miguu yake.

Sare zenyewe zilinieleza kambi inafanya nini. Tope jekundu la magotini lilikuwa la kupiga magoti penye vichaka. Damu ilikuja mara chache kwanza, kisha kila siku, kwenye mikono ya shati, kwenye pindo la suruali, mara nyingine na nywele. Mjini watu walikuwa wanachukuliwa mchana kweupe. Mwenye duka la jumla alitolewa nyuma ya mizani yake, wateja wamesimama kwenye foleni ya chumvi, akabururwa kwa shingo ya kanzu. Hakuna aliyegeuza kichwa, kila mtu akabaki anaitazama chumvi. Kesho yake nilifua, na nilijua nafua nini. Nilisugua. Mtu asinihukumu, mume wangu alikuwa mle ndani.

Nilimuuliza, wanakufanyisha nini mchana kutwa?

"Nafagia," alisema.

Lakini alirudi amekwisha kuoga, kila siku, ananuka sabuni ya kijeshi, na hakuacha nimguse mpaka aoge tena nyumbani. Akaacha kula nyama. Na kuna neno alilokuwa anarudia kila asubuhi askari akimngoja mlangoni: "Mke wangu, njoo saa yetu. Usiwahi wala usichelewe." Nilidhani ananionea huruma nisijiue na kazi. Nilikuwa namjibu, wewe subiri tu, ipo siku nitakutoa mapema.

Siku hiyo ilikuja kiangazi kilipoanza. Wingu halikuteremka. Jua lilikaa palepale kama limepigiliwa msumari, na kufika adhuhuri sare ilikuwa imekauka kau, imepigwa pasi, imekunjwa. Nilisimama katikati ya chumba mikono mitupu. Sikuwa nimekaa hivyo tangu Jinja. Nikajiambia, leo mume wangu atakula mchana na mimi, chakula cha moto, kama watu. Nilikuwa na malewa, yale machipukizi ya mianzi ya mlimani, nikayainjika na karanga nikaacha yachemke taratibu. Nikaoga. Nikajipaka wanja, ndiyo, wanja. Nikabeba kikapu changu nikaenda kambini, na njia nzima nilikuwa na furaha, na sitaikana furaha hiyo.

Askari wa langoni wa jioni alinijua, lakini huyu alikuwa mwingine. Aliona kikapu, akaona sare, akasema kapteni yuko nyuma, pita. Siku zote mabadilishano yetu yalifanyika nje ya lango, na mimi sikuwahi kuvuka. Nilivuka.

Nyuma ya bohari kulikuwa na lori limefunguliwa mlango wa nyuma. Chini palikuwa na watu wamelazwa kwa safu, wengine wamefungwa mikono kwa nyuma kwa nyaya, na nzi. Mwenye duka la jumla alikuwa hapo, nilimjua kwa kanzu, uso hakuwa nao. Wanaume wanne walikuwa wanabeba. Wawili wanashika mabega, wawili miguu, wanahesabu, wanarusha juu. Mmoja wa hao wanne alikuwa mume wangu.

Aliniona. Alikuwa ameshika miguu ya mtu, akaishusha chini polepole, kwa heshima, kama vile aliyelala angeumia. Akatikisa kichwa. Nikajua kwa nini alikuwa anaoga, na kwa nini alinitaka nije saa yetu. Saa yetu lori huwa limeshaondoka na pameshamwagwa maji.

Kapteni alikuwa amekaa kwenye kiti, na fulana, kwa sababu ya joto. Hakukasirika. Alinyoosha mkono nikampa kikapu, akampa askari suruali, akavaa shati palepale, akalifunga vifungo mpaka juu.

"Muzuri," alisema. "Iko moto bado." Kisha akatazama saa yake, akanitazama. "Kazi ya wewe imekwisha?"

Nikasema imekwisha, afande.

"Basi wewe iko na muda. Saidia hawa. Shika ile."

Alinionyesha mwanamke aliyekuwa mwisho wa safu. Miguu yangu ilianza kwenda, naapa, ilikuwa imezoea kutii. Ndipo mume wangu akaja mbele yangu. Mtu yule hakuwahi kubisha. Hakubisha pasi ilipokuwa juu ya mkono wake, hakubisha meno yalipong'olewa, hakubisha kubeba maiti za watu siku baada ya siku na kurudi kunitabasamia.

"Afande," alisema, "nitabeba na sehemu yake. Nitabeba wote peke yangu. Huyu hapana."

"Nasema mama abebe."

"Huyu hapana, afande."

Kapteni aliinuka, akamkaribia kana kwamba anataka kumnong'oneza, na akampiga risasi chini ya kidevu. Alikuwa karibu mno. Mume wangu alimwangukia, akashuka kifuani pake mpaka chini, na shati lote la mbele likalowa damu yake. Wale watatu waliobaki hawakusogea.

Kapteni hakumtazama mume wangu. Alilitazama shati. Alilivuta mbali na ngozi kwa vidole viwili, uso umekunjamana, akalivua, akalitia ndani ya kikapu changu. Kisha akanirudishia kikapu.

"Jua iko mingi," alisema. "Saa kumi na mbili. Usichelewe."

Niliomba mwili. Nilipiga magoti nikauomba. Askari mmoja aliniinua kwa nywele na kunisukuma mpaka nje ya lango, na nyuma yangu nikawasikia wakihesabu tena, wakarusha.

Nilikwenda hatua nyingi kuelekea nyumbani, nitafute beseni, sitanii. Kichwa kilikuwa kinapanga: maji yapo, mkaa upo, shati ni jepesi, litawahi. Nilikuwa nimefika karibu na msikiti wa sokoni ndipo nikasimama katikati ya barabara, na gari likanipigia honi. Litawahi, halafu nitapewa nani? Yule mtu alikuwa ameua rehani yake mwenyewe na hakulijua hilo. Alikuwa amezoea kunitisha mpaka akasahau alinitishia nini. Na alikuwa amenipa muda, kwa kinywa chake, mchana mzima, na hakuna ambaye angenitafuta kabla ya saa kumi na mbili. Hasira iliyonijia haikuwa ya kupiga kelele. Ilikuwa baridi na ilijua kazi yake.

Nyumbani sikupita. Nilichukua teksi ya Nakaloke, kikapu mapajani, kimefunikwa na khanga. Mama yangu alikuwa anaanika mihogo uani. Nilimwambia yote kwa maneno machache na yeye hakulia mbele yangu, aliingia ndani akatoka na jembe. Akaita jirani yetu, mzee aliyekuwa akituswalishia pale kijijini. Nikamfunulia kikapu.

Mzee alisita. Alisema maiti haipo, na hili ni vazi la muuaji.

Mama yangu akamwambia, "Damu ni ya nani?"

Mzee akasema mtu akipatikana kiungo chake tu, kiungo hicho hustiriwa, na mtu hazikwi na vyeo vya mwingine. Akaniletea wembe. Nilikaa chini nikalikata shati lile nililolipiga pasi asubuhi. Nikatoa mabega yenye vyeo, nikatoa kola, nikatoa vifungo, nikatoa mgongo uliobaki safi, vyote nikavitupa chooni. Kikabaki kifua, kilicholowa, kizito. Hicho mama yangu alikifunga ndani ya kitambaa cheupe alichokuwa amekiweka kwa ajili ya kifo chake mwenyewe. Tukachimba nyuma ya nyumba. Shimo lilikuwa dogo kiasi cha kumtia mtu aibu. Mzee aliswalisha, wanaume wachache wa jirani wamesimama nyuma yake na viatu mkononi, tayari kukimbia.

Nilitaka kubaki kaburini na niliondoka. Niliufunga mzigo wa mama, dawa za miguu, mswala, sufuria moja. Mwenye shamba la jirani alikuwa na mkokoteni wa ng'ombe, akampakia mama chini ya majani ya mahindi, mimi nikafuata kwa miguu na jembe begani kama mtu anayetoka shambani. Tulishika njia za ndani, zile za kuelekea Kenya ambazo wanawake wa sokoni walikuwa wanazipita na chumvi.

Watu wamewahi kuniambia, kwa sauti ya huruma, kwamba kama ningekwenda saa yangu mume wangu angekuwa hai. Hunichemsha damu. Nilimaliza kazi mapema nikaenda kumchukua mume wangu tule. Aliyeua ana jina, na si langu.

Jua lilikuwa likizama tulipofika kwenye mto mdogo, na mama akaomba tusimame atie udhu. Hapo ndipo nilipojua ni saa kumi na mbili. Kule Mbale mtu mmoja alikuwa na fulana, anangoja shati lake. Mimi nilikuwa nimeshamzika mume wangu kabla ya magharibi, kama inavyotakiwa.